Chembe nano zinazoamshwa kwa mwanga, joto na dawa dhidi ya saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Chembe hizi ni nini hasa?

Ni chembe ndogo mno, nyingi zikiwa na upana wa kati ya nanomita 10 na 200 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), zilizopewa kazi mbili. Ya kwanza ni kunyonya mwanga na kuugeuza kuwa joto. Ya pili ni kubeba dawa ya saratani na kuiachia joto likipanda. Chembe hudungwa kwenye mshipa au moja kwa moja ndani ya uvimbe, zikaachwa zijikusanye, kisha uvimbe ukamulikwa kwa leza. Mahali pasipomulikwa hapapati joto na, kama kazi imefanyika vizuri, hapapati dawa nyingi.

Ukiipasua chembe moja utakuta kiini kinachopokea mwanga, ghala la dawa, kizibo kinacholegea kwa joto au kwa asidi, na vazi la nje. Vazi hilo mara nyingi ni polima ya PEG, inayozichelewesha seli za kinga zisiitambue chembe mapema. Baadhi huongezewa molekuli ya kushikamana na seli za saratani, kama vile asidi ya foliki. Nyongeza hiyo husifiwa kuliko inavyostahili: husaidia chembe kuingia ndani ya seli ikishafika kwenye uvimbe, lakini haiongozi njiani.

Kwa nini joto na dawa vitumike pamoja? Kimoja hakitoshi?

Kila kimoja kina pengo lake. Joto peke yake huacha seli hai pembezoni mwa uvimbe, mahali ambapo mwanga umefifia au mshipa mkubwa wa damu unapita na kupoza tishu za jirani. Dawa peke yake husambaa mwili mzima. Doksorubisini, kwa mfano, huumiza moyo, na ndiyo maana jumla anayoweza kupewa mgonjwa maishani huwekewa kikomo, kwa kawaida kati ya miligramu 450 na 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili.

Vikikutana, joto la wastani hufungua njia. Mishipa ya damu ya uvimbe hupanuka na kuvuja zaidi, utando wa seli hulegea na kupitisha dawa kwa urahisi, na mitambo ya seli ya kukarabati DNA huzorota wakati uleule doksorubisini inapoiharibu DNA hiyo. Baadhi ya seli zilizozoea kuisukuma dawa nje hushindwa kufanya hivyo zikipashwa moto.

Yote haya, hata hivyo, hutegemea joto liwe kiasi gani na lije lini. Hapo ndipo miradi mingi hukwama, na hapo ndipo msomaji wa ripoti yoyote ya fani hii anapaswa kutazama kwanza.

Basi joto liwe kiasi gani?

Kati ya nyuzi 41 na 43 za Selsiasi, damu huongezeka kwenye uvimbe na dawa hupenya vizuri. Hiki ndicho kiwango cha kusaidia dawa. Seli hazifi kwa wingi kwa joto lenyewe, isipokuwa likidumu muda mrefu.

Kipimo kinachotumika ni dakika sawia za nyuzi 43, kilichopendekezwa na watafiti Sapareto na Dewey mwaka 1984. Juu ya nyuzi 43, kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza muda unaohitajika kwa nusu. Kazi ya dakika 60 katika nyuzi 43 hufanywa na dakika 30 katika nyuzi 44, dakika 15 katika nyuzi 45, na pungufu ya dakika 4 katika nyuzi 47. Chini ya 43 mambo hugeuka haraka: katika nyuzi 42 utahitaji takriban saa nne kupata matokeo yaleyale. Kosa la kipimajoto la nyuzi moja tu, kwa hiyo, ni kosa la kuzidisha au kugawanya kipimo kwa mbili, na upande wa chini kwa nne.

Ukipita nyuzi 45 na kuelekea 50, damu huanza kuganda kwenye mishipa ya uvimbe. Ukifika 60 protini hukakamaa papo hapo kama ute wa yai. Kama lengo ni kuunguza tu, hakuna ubaya. Lakini kama dawa ilikuwa bado kwenye damu ikisubiri kuingia, umeifungia mlango. Anayetaka joto kali na dawa pia hana budi kuhakikisha chembe zimeshajikita ndani ya uvimbe kabla ya kuwasha leza, au aanze na joto la wastani ili dawa iingie na kumalizia kwa joto kali.

Jambo jingine linalosahaulika: seli iliyopashwa moto ikanusurika hutengeneza protini za mshtuko wa joto, na kwa siku mbili tatu zinazofuata huwa sugu kwa joto. Kumulika tena kesho yake ni kupoteza nguvu bure.

Kwa nini leza ya nanomita 808 ndiyo hutajwa kila mara?

Damu, melanini ya ngozi na maji ndivyo vinavyokula mwanga mwilini. Himoglobini hunyonya sana rangi za kijani na njano, na maji huanza kunyonya kwa nguvu yakikaribia nanomita 980. Katikati, kati ya takriban nanomita 700 na 950, pana dirisha ambamo tishu hupitisha mwanga vizuri kiasi. Nanomita 808 zimekaa ndani ya dirisha hilo, na leza zake za diodi hupatikana kwa urahisi.

Leza ya 980 hupasha moto maji ya tishu zenyewe, kwa hiyo panya asiye na chembe yoyote naye hupata joto. Siku hizi wengi huhamia kwenye 1064, ambako mwanga hutawanyika kidogo zaidi na kiwango salama kwa ngozi ni kikubwa.

Mwanga huo hufika kina gani?

Kifupi kuliko matangazo yanavyodai. Chukua tishu ambamo nguvu ya mwanga hushuka hadi asilimia 37 kwa kila milimita 4. Ukifika milimita 12 imebaki asilimia 5 tu. Ngozi yenye melanini nyingi hukata zaidi juu kabisa, na joto lake hubaki palepale kwenye ngozi. Kipimo kilichopangwa kwa ngozi nyeupe kinaweza kumuunguza mtu mwenye ngozi nyeusi, na bahati mbaya panya weupe wasio na manyoya wanaotumika maabara hawawezi kumwonya mtafiti kuhusu hilo. Michoro ya chale nayo hunyonya mwanga.

Kwa uvimbe ulio ndani, njia ya uhakika ni kupeleka mwanga wenyewe: uzi wa kioo huchomekwa kwa sindano hadi kwenye uvimbe au hupitishwa kwa endoskopi.

Kiini kipi ni bora?

Hakuna mshindi wa jumla. Kila kimoja kina tabia zake.

Vijiti vya dhahabu vyenye urefu wa mara nne ya upana, tuseme nanomita 40 kwa 10, hunyonya mwanga karibu na nanomita 800, na urefu huo ukibadilika kidogo rangi inayonyonywa hubadilika pia. Hutengenezwa kwa kukuza mbegu ndogo za dhahabu ndani ya sabuni ya CTAB yenye chumvi ya dhahabu, nitrati ya fedha na asidi ya askobiki. Kero ziko mbili. CTAB huganda kuwa fuwele chumba kikiwa baridi, kwa hiyo myeyusho uwekwe kwenye maji ya nyuzi 27 hadi 30 kabla na wakati wa kukuza. Pili, CTAB ni sumu kwa seli. Lazima ioshwe kwa sentrifuji (mashine inayozungusha kwa kasi hadi chembe zizame), lakini ukiosha mara nyingi mno kabla ya kuvisha PEG yenye kikundi cha thioli (salfa inayoshika dhahabu), vijiti hung'ang'aniana na myeyusho hugeuka wa kijivu. Ukishafika hapo, anza upya. Mawimbi ya sauti hayatauokoa.

Vijiti pia huyeyuka vikipigwa kwa leza ya mapigo yenye nguvu. Huwa duara, kilele cha nanomita 800 hutoweka, na hubaki kile cha karibu 520 pamoja na rangi nyekundu ya divai. Pima wigo wa mwanga kabla na baada ya kumulika kila mara.

Maganda ya dhahabu yenye kiini cha silika, ya takriban nanomita 150, ni imara zaidi na ndiyo yaliyofika mbali kwa binadamu. Polidopamini ni rahisi kutengeneza: dopamini katika maji yenye pH 8.5 na oksijeni, kisha kukoroga. Hushika dawa za aina ya doksorubisini bila gundi na huoza mwilini. Indosianini kijani ni rangi ambayo hospitali zimeitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, jambo linalorahisisha idhini, lakini hufifia ikimulikwa na peke yake hukaa kwenye damu dakika chache tu, kwa hiyo hufungwa ndani ya liposomu (vifuko vidogo vya mafuta) au polima. Salfaidi ya shaba ni ya bei nafuu, ila ioni za shaba zinazovuja zinahitaji kuangaliwa.

Dawa hufungwaje, na nini huifungua?

Njia zinazotumika sana ni hizi: liposomu zenye mafuta yanayolegea kwenye nyuzi 41 hivi; silika yenye vitundu iliyozibwa; polima ya PNIPAM; au asidi ya lauriki, ambayo ni ngumu kwenye joto la mwili na huyeyuka kwenye nyuzi 44.

PNIPAM safi husinyaa kwenye nyuzi 32, yaani tayari imeshafunguka kabla haijafika kwenye uvimbe. Huchanganywa na akrilamaidi kidogo hadi kizingiti kipande kufika nyuzi 39 au zaidi. Ni kosa la wanaoanza, na huonekana pale dawa inapotoka yote katika jaribio la nyuzi 37 bila leza.

Asidi husaidia pia. Damu ina pH 7.4, na vifuko vya ndani ya seli hushuka hadi karibu 5. Doksorubisini iliyoshikana na polidopamini huachia zaidi kwenye asidi hiyo. Chembe nzuri inahitaji vyote viwili, joto na asidi, ndipo iachie kwa kasi.

Kwa nini hesabu zetu za dawa iliyopakiwa hutoka kubwa mno?

Mara nyingi kwa sababu dhahabu huzima mng'ao wa doksorubisini. Ukipima mng'ao kwenye maji ya juu yenye chembe zilizobaki, utadhani dawa huru ni chache na hivyo iliyopakiwa ni nyingi. Zungusha kwenye sentrifuji hadi maji ya juu yawe safi, kisha pima ufyonzaji kwenye nanomita 480 dhidi ya mstari wa vipimo uliotengenezwa katika bafa (myeyusho unaodumisha pH) ileile na pH ileile.

Sababu ya pili ni plastiki. Doksorubisini hunata kwenye mirija na kwenye utando wa dayalisisi (unaopitisha dawa na kuzuia chembe), nawe unaihesabu kama imeingia kwenye chembe. Weka mrija mmoja wenye dawa bila chembe, upitie hatua zote, uone imepotea kiasi gani. Na iepushwe na mwanga wa chumba.

Katika jaribio la kuachia dawa, mililita 1 ya chembe ndani ya mfuko wa dayalisisi dhidi ya mililita 50 za bafa ni uwiano wa kawaida. Usiache kuweka mfuko wa dawa huru, kwa kuwa utando wenyewe huchelewesha. Na kama unadai mwanga ndio unaofungua, weka sampuli nyingine kwenye maji yenye joto lilelile bila leza. Zikilingana, kinachofungua ni joto, jambo ambalo si baya hata kidogo, ila liandikwe hivyo.

Nguvu ya leza huhesabiwaje?

Gawanya wati kwa eneo la doa. Wati 1 kwenye doa la kipenyo cha sentimita 1 ni wati 1.27 kwa sentimita ya mraba, maana eneo ni 0.785. Doa hilo likipunguzwa kipenyo hadi nusu sentimita, nguvu hupanda hadi wati 5.1, ingawa namba kwenye mashine haijabadilika. Ripoti isiyotaja ukubwa wa doa haiwezi kurudiwa na mtu mwingine. Wati pia zipimwe kwenye ncha ya uzi wa kioo kwa kipima nguvu, siyo kusomwa kwenye kioo cha mashine.

Kiwango cha juu kinachokubalika kwa ngozi katika kanuni za usalama wa leza, kwa kumulika kuzidi sekunde 10, ni takriban wati 0.33 kwa sentimita ya mraba kwenye nanomita 808, wati 0.73 kwenye 980, na wati 1 kwenye 1064. Sasa soma machapisho ya panya: wati 1 hadi 2 kwenye 808 ni jambo la kila siku. Chembe inayohitaji hivyo ili ifanye kazi haijawa tayari kwa binadamu, hata picha zake ziwe nzuri namna gani.

Joto lipimwe kwa kifaa gani?

Kwenye kyuveti (kichupa cha kupimia myeyusho), tumia thamokapo (waya wa kupimia joto) lakini isikae kwenye njia ya mwanga, kwani chuma chake hunyonya leza na kukupa nyuzi za uongo. Kamera ya joto ni rahisi, ila huona ngozi tu. Ndani ya uvimbe panaweza kuwa na tofauti ya nyuzi kadhaa. Kwa panya aliye kwenye usingizi wa dawa, ngozi huanza chini ya 37, kwa hiyo andika joto lenyewe lililofikiwa na muda wake, usiandike tu kwamba limepanda kwa nyuzi 20. Kwa binadamu, mashine ya MRI inaweza kuonyesha joto la ndani wakati matibabu yanaendelea.

Makundi gani ya kulinganishia hayaepukiki?

Maji ya chumvi tu, leza tu, dawa huru, chembe tupu bila leza, chembe tupu na leza, chembe zenye dawa bila leza, na chembe zenye dawa pamoja na leza. Bila kundi la chembe tupu na leza huwezi kujua kama dawa imeongeza chochote. Ikiwa joto peke yake limeua asilimia 95 ya seli, hakuna nafasi iliyobaki ya kuona msaada wa dawa. Punguza leza hadi kila tiba peke yake iue chini ya nusu. Kudai kwamba zinasaidiana kunahitaji hesabu ya kielezo cha mchanganyiko cha Chou na Talalay: chini ya 1 zinasaidiana, 1 zinajumlika tu, juu ya 1 zinapingana.

Kipimo cha MTT, kinachoonyesha seli hai kwa rangi, nacho hudanganya, maana chembe nyeusi hunyonya mwanga uleule unaosomwa. Osha seli, au tumia kipimo kingine sambamba.

Mbona panya hupona, na binadamu bado?

Uvimbe wa panya wa milimita za ujazo 100 uko chini ya ngozi nyembamba, na mwanga huufikia wote. Uzito wake ni kama gramu 0.1 kwa panya wa gramu 20, yaani asilimia 0.5 ya mwili. Kwa mtu wa kilo 70 huo ungekuwa uvimbe wa gramu 350. Hakuna anayesubiri hadi hapo.

Tatizo la pili ni ufikaji. Mwaka 1986 watafiti wa Japani Matsumura na Maeda walieleza jinsi molekuli kubwa zinavyovuja na kubaki kwenye uvimbe, na fani nzima ilijengwa juu ya wazo hilo. Mapitio ya mwaka 2016 yaliyofanywa na kundi la Chuo Kikuu cha Toronto yalikuta kwamba, kwa wastani wa kati, ni asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndizo hufika kwenye uvimbe. Nyingi hunaswa na ini na bandama.

Je, tiba hii inapatikana hospitalini?

Chembe zinazounganisha mwanga, joto na dawa katika kifurushi kimoja bado ni za utafiti. Vipande vyake, kimoja kimoja, vimejaribiwa. Maganda ya dhahabu yaliyobuniwa na Naomi Halas na Jennifer West wa Chuo Kikuu cha Rice, yasiyobeba dawa, yalitumika kwa wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume. Walidungwa chembe kwenye mshipa, na siku iliyofuata nyuzi za leza zikaingizwa kwenye tezi. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, matibabu yalikamilika kwa 15, na baada ya mwaka mmoja 13 kati yao hawakuonekana na saratani katika eneo lililounguzwa.

Upande wa dawa, liposomu za ThermoDox, zinazoachia doksorubisini kwenye nyuzi 40 hivi, ziliunganishwa na joto la mawimbi ya redio kwa saratani ya ini. Jaribio kubwa lilishindwa kufikia lengo mwaka 2013. Ugumu mmoja uliotajwa baadaye ni kuoanisha muda wa joto na muda wa dawa kwenye damu kwa kila mgonjwa.

Ni sawa na tiba ya fotodainamiki?

Hapana. Ile hutumia dawa inayozalisha oksijeni kali ikimulikwa, inahitaji oksijeni ndani ya uvimbe, na mgonjwa aliyepewa Photofrin huepuka jua kwa siku 30 au zaidi. Joto halihitaji oksijeni.

Chembe hutoka mwilini?

Zilizo chini ya takriban nanomita 5.5 hupita kwenye figo na mkojo. Kubwa kuliko hapo huishia kwenye ini na bandama. Dhahabu inaweza kukaa humo miezi mingi. Polidopamini na liposomu huvunjwa. Ndiyo sababu vipimo vya ini hufuatiliwa, na chembe za dhahabu hazidungwi mara kwa mara bila hesabu.

Inafaa kwa saratani iliyosambaa?

Mwanga hutibu pale unapomulika. Kuna utafiti wa kuamsha kinga ya mwili kwa seli zilizouawa kwa joto, lakini kwa leo hiyo ni hoja ya maabara.

Usalama wa chumba cha leza je?

Leza ya zaidi ya wati 0.5 ni ya daraja la 4. Mwanga wa 808 karibu hauonekani, kwa hiyo jicho halipepesi kujikinga. Sekunde moja ya mwakisiko kutoka kwenye pete au koleo inatosha kuharibu retina. Miwani iwe ya urefu wa mawimbi unaotumika, imeandikwa kwenye fremu, na watu wote chumbani waivae. Miwani ya 1064 si kinga dhidi ya 808.

Mtu ananiuzia "tiba ya nano ya mwanga". Nimuulize nini?

Muulize namba ya usajili wa jaribio, jina la kamati ya maadili iliyolipitisha, na nani analipa gharama. Majaribio halali hayamtozi mgonjwa bei ya dawa inayojaribiwa, isipokuwa kwa kibali maalumu. Muulize pia joto litapimwaje ndani ya uvimbe. Akijibu kwamba halihitaji kupimwa, ondoka, na usiache matibabu uliyopangiwa na daktari wako wa saratani.